Mchicha Usiotoka Sokoni

Michenzani, Unguja

Mdogo wangu Sichana,

Assalaam alaykum. Natumai goti lako limepata nafuu na kwamba mvua haikuharibu kitu huko Bububu. Sisi ni wazima, isipokuwa mimi nimekuwa nikila kwa mashaka.

Wanijua: sili kitu nisichojua kimetoka wapi. Mboga zinazomwagiliwa maji ya mtaro zimejaa mjini, na kwa macho huzitambui. Basi mkaza mwanangu Riyama akaanza kupika mchicha laini, mtamu, usio na chembe ya mchanga. Nilipomuuliza ameununua wapi, alijibu kuwa ni sokoni Darajani. Nilipomuuliza kwa nani, alisema ni kwa bibi mmoja tu, akainama kukuna kifuu kilichokwisha nazi.

Nilikwenda Darajani mwenyewe. Muuza mboga mmoja, Borafya, aliniambia kuwa mkwe wangu hununua ndimu tu pale, kisha akaniuliza kama siku hizi nimeajiriwa na polisi. Nilirudi na hakika kuwa ninalishwa uchafu. Nikamwambia Riyama kuwa sitagusa chakula chake mpaka aseme kweli. Alilia, hakusema. Mwanangu Nadir akawa haongei nami, na nyumba ikapooza.

Jana kapu lilifikishwa mlangoni Riyama akiwa bado kazini. Nililifungua. Vitita vilifungwa kwa kamba ya mgomba, na ndani ya kila kitita mlikuwa na kitawi cha mrehani kikinukia. Sichana, marehemu mama hakutia mrehani katika mboga ya kuuza. Aliutia katika ile ya kupelekea jamaa. Nikajua mchicha umetoka shambani kwake, mkononi mwako.

Wakumbuka siku tuliyogombana niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mbele yako, kuwa sitakula kitu cha shamba la mama mpaka ukubali liuzwe. Nilichokula bila kujua si dhambi yangu. Lakini mchicha wa jana niliujua. Nilimwambia Riyama aupike, nikaula wote, nikapangusa sahani kwa mkate. Kiapo kimevunjika, na kafara yake ni kulisha maskini kumi.

Kwa hiyo naomba mchicha wa watu kumi. Usimpitishie Riyama kwa siri. Njoo nao mwenyewe Ijumaa, upande ngazi taratibu. Habari ya kuuza shamba nimeiacha. Riyama nimemtaka radhi, naye amenicheka.

Nadir na mkewe wanakuamkia. Pokea salamu zangu, na fungu langu ulitie mrehani.

Kaka yako,
Mahfoudh