Majina Yaliyogeuka Viulizo

Jumatatu, 8 Hidar

Kompyuta ya zamani imezima tena yenyewe, Sinknesh akiwa katikati ya kupiga simu. Windows yake ya kale, imejaa virusi. Gashe Wubshet, mwenyekiti wetu, ameleta nyingine – hii ina Linux. "Yeshi, mwanangu, wewe si umesomea? Tuhamishie hifadhidata." Nimesomea! Kozi fupi ya kuchapa barua! Nikasema sawa. Mdomo wangu huu.

Humo ndani wamo wote waliojiandikisha na chama chetu kuchangia damu hapa Dessie: jina, simu, kundi. Hospitali ikiita, Sinknesh anatafuta, anapiga, mtu anakuja. Nikiivuruga hiyo –

Sitaki kufikiria.

Jumanne, 9 Hidar

Nimetoa kila kitu kwenye ya zamani, faili moja, nikatia kwenye flashi, nikaimwaga katika mpya. Imeingia! Kisha programu ya kutafutia ikasema jedwali la wachangiaji halipo. Lipo! Naliona kwa macho! Nikaanza upya. Na tena. Injera yangu ya mchana imenikaukia mezani. Mwishowe nikampigia Endale, mtoto wa shangazi, yuko Addis, kazi yake ni hizi hizi. Alicheka mpaka akakohoa. Jina la jedwali linaanza kwa herufi kubwa, programu yetu inaliita kwa ndogo. Windows haijali. Linux inaona ni vitu viwili tofauti. Siku nzima – herufi moja!

Alhamisi, 11 Hidar

Imekubali! Nikalinganisha idadi: watu wa kule ni sawa na wa huku. Nikamwambia Gashe Wubshet tayari. "Nilijua tu!" Hata kahawa ya pili haijamiminwa, akawa ameshampa fundi Tilahun ile ya zamani, aifute yote, iende shule.

Leo nimetembea kifua mbele.

Ijumaa, 12 Hidar

Nianzie wapi.

Asubuhi Sinknesh kafungua ile mpya, akaniita. Polepole, ile sauti yake ya hatari. Simu zipo. Makundi ya damu yapo. Majina – ??????. Mengine marefu, mengine mafupi, yote viulizo.

"Sasa nikipiga niseme nini? Halo, ndugu Kiulizo, nyumbani hawajambo?"

Nilihesabu watu. Sikusoma hata jina moja!

Endale anasema wakati wa kutoa sikuitajia kompyuta aina ya herufi, ikadhani ni za Kizungu. Herufi zetu za Kiamhari haikuzijua, ikaweka viulizo. Na faili la kwenye flashi ni hivyo hivyo. "Usihangaike, majina bado yamo kwenye ile ya zamani. Toa upya tu."

Nikatazama pale mezani ilipokuwa.

"Yeshi? Ya zamani iko wapi?"

Nimekimbia hadi Piassa. Kwa Tilahun kumefungwa, simu haipokelewi. Jirani yake muuza viatu anasema kaenda msibani Kombolcha, kesho atarudi. Nikamuuliza, kafuta au hajafuta? "Dada, mimi nauza viatu."

Gashe Wubshet sijamwambia.

Jumamosi, 13 Hidar

Nimemwambia. Hakufoka. Alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Afadhali angefoka.

Hapo hapo hospitali ikapiga. Mama kajifungua, damu haikatiki. O hasi – na kwao imekwisha.

Sinknesh katafuta kwa kundi. Wachache mno. Wa kwanza hapatikani. Wa pili yuko Jeddah siku hizi. Wa tatu ikaita, akanisukumia simu. "Ongea wewe. Wewe ndiye uliyewabatiza."

Sauti ya mama mtu mzima. Nikaeleza: chama cha damu, tunaomba msaada, ni haraka.

"Mnamtaka nani?"

"Mwenye simu hii, mama."

"Simu hii ni ya mwanangu. Mwanangu ana jina. Mbona humtaji?"

Ningedanganya nini? Nikamwambia jina limepotea, nimelipoteza mimi.

"Tulimzika mwezi wa Meskerem," akasema. Kisha akalitaja. Dagmawi. Jina la baba, jina la babu, moja moja, kama anayemwandikisha mtoto siku ya kwanza ya shule. "Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Haya. Mtafuteni mwingine, msichelewe."

Sinknesh hakunitania tena. Alipiga ya nne mwenyewe. Mwanamume – yuko karibu, anakuja hapa, Gashe Wubshet atamkimbiza kwa gari hospitali. Simu ikakatika kabla hajajitambulisha.

Sasa Tilahun naye huyu hapa, kaingia na kompyuta ya zamani kwapani, kifuniko wazi, nyaya zinaning'inia. Kaona simu zangu zote. "Nilikuwa nimeshaanza kufuta," anasema. "Umeme ukakatika nikaondoka. Sijui kimebaki nini."

Tumeichomeka. Feni inalia. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Naandika haya huku tukingoja. Nje gari la Gashe Wubshet linanguruma.

Mtu yuko mlangoni, anahema, mkono wa shati ameshaukunja. "Mmeniita," anasema.

Sinknesh ananitazama. Nainuka kumuuliza jina –