Kurasa Zilizohamia Kitabu cha Pili

Jumatatu, 4 Machi
Kidoti wangu, leo umetimiza miezi mitano tangu utuache. Ulikaa nasi siku nne tu, lakini kile kidoti cha sikioni naweza kukichora nikiwa nimefumba macho.

Daktari ametupa majibu. Viinitete sita vilitungwa maabara, vikachukuliwa chembe chache za kupima. Vitano vina upungufu kama wako. Kimoja kizima! Mama yako akanishika mkono. Nilifurahi — kisha nikaona haya. Wewe ungekuwa miongoni mwa vile vitano.

Daktari akarudia kuwa chanzo ni mimi. Kipande cha kromosomu moja kimehamia kwenye nyingine, na cha ile kimekuja huku. Mwilini mwangu hakuna kilichopungua, ila mtoto naweza kumpa kimoja bila mwenzake. Nikamwambia nashona vitabu kiwandani, naelewa: kurasa za kitabu kimoja zimeshonewa kwenye kingine. Ukiwa navyo vyote viwili, hujakosa neno. Ukiazima kimoja, umepotea. Akacheka. Eti mfano huo atauiba.

Alhamisi, 7 Machi
Bibi yako, mama yangu, amekuja kukaa nasi. Mezani akamwambia mama yako: tumbo lako lina baridi, mwanangu, ndiyo maana halishiki. Kwa upendo kabisa, huku anamsogezea chai. Mama yako akanitazama. Nami nikatazama kikombe. Miezi yote hii natazama kikombe!

Jikoni akaninong'oneza, "Sindano nachomwa mimi, dawa nameza mimi, lawama nazo nibebe mimi. Wewe unabeba nini, mkoba?"

Ni kweli. Kliniki mimi hubeba mkoba wake.

Jumapili, 10 Machi
Nimesema.

Nilichukua madaftari mawili, nikayafumua, nikabadilisha kurasa mbele ya mama. Nikamwambia, hivi ndivyo nilivyo mimi. Mke wangu hana kosa. Na nimelijua hili tangu mwaka jana.

Mama akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, nisamehe. Mdomo wangu huu!" Mama yako akalia.  Nilidhani yamekwisha.

Mama akafunua madaftari yale polepole.
"Na wewe umeyatoa wapi?"

Daktari alishasema hali hii mara nyingi hutoka kwa mmoja wa wazazi. Nilitaka kudanganya, nikashindwa, nikamwambia. Mama akakunja vidole vitatu — kaka zangu walionitangulia, hakuna aliyefikia umri wa kukaa.

"Baba yako nilimwambia mbegu zake mbovu," akasema. "Nilimwambia mbele ya dada zake. Amekufa sijalifuta lile neno."

Ana miaka sabini na moja. Nimejitua mzigo, nikamtwika mama yangu. Usiku hakula. Madaftari nimeyaficha kabatini, kama mwizi.

Jumatano, 13 Machi
Kliniki. Naandika nimeweka daftari gotini. Mama yako yuko ndani, kile kimoja kinapandikizwa leo. Mkoba ninao.

Mama alisema anatusindikiza tu. Kumbe! Nimemkuta kwenye dirisha la maabara, anamuuliza muuguzi kama damu ya mzee bado inasomeka.

"Inasomeka, bibi, lakini ya nini kujisumbua? Si umeshamaliza kuzaa?"

"Ikiwa ni mimi, kuna mtu natakiwa kumwomba radhi."

"Na ikiwa si wewe?"

"Nitamwomba vilevile."

Nikamwambia, mama, twende, si lazima. Akanijibu nikae chini, namkingia mwanga. Sasa amekunja mkono wa gauni hadi begani. Mkono mwembamba! Muuguzi anautafuta mshipa, haupati. Mama anamtania: ulikuwepo asubuhi. Hanitazami. Mlango wa mama yako bado umefungwa.

Kidoti, huko una baba wakubwa watatu na babu yako. Usituchoke. Utukumbuke.