Jina la Dereva

Makambako,
Juni 2010

Kwako dada yangu mpenzi Zamda,

Asalaam alaikum. Natumai barua hii imekukuta salama wewe na watoto, na kwamba goti la mama mkwe wako limeacha kumsumbua tangu alipopata ile dawa ya kuchua. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imezidi. Ukungu unashuka mpaka barabarani na magari yanatembea na taa wakati watu wameshakunywa chai. Mwanangu Shamimu ameanza kutambaa, kazi yake ni kuchomoa nyaya za kompyuta dukani, na mama yake Nasma anasema mtoto kafuata baba.

Najua utashangaa kuletewa barua na mtu unayeongea naye kila Ijumaa. Simu yako siku hizi hupokewa na yeyote aliye karibu nawe, na tangu uingie eda nyumba haikauki watu. Mimi nina jambo ambalo nataka ulijue wewe kwanza. Isitoshe, nikilisema kwa mdomo nitaboronga. Hata kwenye karatasi naboronga, hii si barua ya kwanza niliyoianza leo. Nimemwomba Nasma akukabidhi mkononi na akae nawe mpaka uimalize. Tafadhali, dada, isome ukiwa umekaa.

Unajua jinsi blogu yangu ilivyoanza. Magazeti yanafika hapa yamechoka, na ndani yake huku kwetu hakumo. Watu wakaanza kuniletea picha kwenye simu zao: choo cha soko kimefurika, daraja la miti limekatika, ng'ombe kazaa ndama watatu. Mimi naweka mtandaoni, na watoto wetu walioko Dar na Mwanza wanasoma habari za kwao. Nilijivuna. Watu walinisimamisha barabarani na kuniita mwandishi, mimi ambaye kazi yangu ni kutengeneza printa.

Siku ya ajali nilikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufika pale njia ya Kitandililo. Lori lilikuwa limelala ubavu na mbao zote zinawaka, hakuna aliyeweza kusogea karibu. Maandishi ya nyuma bado yalisomeka, nikajua ni gari la shemeji. Kila aliyekuwepo alisema, "Gari la Abasi hili." Nilipiga simu yake haikupatikana. Nilikuwa nalia, dada, na huku nalia mkono unapiga picha. Nikarudi dukani nikaandika kwamba dereva Abasi amefariki dunia. Mpaka leo sijui niliandika kwa uchungu au kwa kutaka kuwahi. Najiuliza kila siku na kila siku najijibu tofauti.

Yaliyofuata unayajua. Uliambiwa na mtoto wa jirani aliyesoma kwenye simu, kabla sijakupigia, na hilo ulinisamehe ingawa sauti yako haikuwa ya mtu aliyesamehe. Jambo usilolijua ni kwamba askari alipouliza dereva ni nani, mtu mmoja alimwonyesha blogu yangu. Mwenye gari naye akasema ndiyo, dereva wake ni Abasi. Mwili haukuwa na sura ya kutambulika. Tukauzika siku ileile. Mimi niliingia kaburini kuupokea.

Siku chache baadaye akaja dukani Mama Mudy, yule mama wa Kitandililo anayeuza vitumbua karibu na stendi. Labda unamkumbuka, mwanawe Mudy ndiye alikuwa utingo wa shemeji. Kwenye matanga yetu alipika yeye, na alilia kuliko sisi wenye msiba. Sasa alikuja na picha ya pasipoti, akaniomba nimtangaze mwanawe maana haonekani. Alisema siku ya ajali Mudy alimuaga kwamba siku hiyo hasafiri na lori, anakwenda Njombe kwa shughuli zake. Kwa hiyo hakumwaza kwenye ajali kabisa. Alidhani kwa huzuni ya kufiwa na bosi wake kakimbilia mbali.

Niliiweka picha. Maoni yakaanza kuja. Mmoja akasema kamwona Tunduma mpakani anabeba magunia. Mwingine akasema yuko Mbeya, ameoa. Mwingine alitania tu, watu wa mtandaoni hawakosi mzaha. Mama Mudy hajui kusoma vizuri, hivyo akawa anapita kila akishamaliza kuuza, anakaa kwenye kiti cha wateja na kuuliza, "Leo nani kamwona?" Nami namsomea. Kwa lile neno la Tunduma alifunga safari, akalala huko, akarudi. Hakukasirika. Alisema labda walipishana.

Nilikuwa katika hali hiyo wakati aliponipigia simu msichana anayeitwa Letisia, wa Njombe. Alisema yeye ni msomaji wangu, na kwao ni karibu na misheni. Alisema ameona ile picha ya shemeji niliyoiweka ya kumkumbuka, yenye koti la miraba. Kisha akasema, "Kaka, nimeshindwa kuandika kwenye maoni, nikaona nikuulize kwanza wewe. Huyu mtu mliyemzika anakula nyumbani kwetu."

Nilimwambia amekosea. Nilimwambia kwa ukali, dada, kama mtu aliyenitukania marehemu. Hakubishana. Alinielekeza nyumba akasema nije nitazame, nikiona siye niondoke, na kwamba hajamwambia mtu mwingine.

Sikumuaga hata Nasma. Nilipanda gari la Njombe, nikaenda njia nzima bila kujua naomba nini. Nikiomba awe yeye, basi nimezika mtu mwingine. Nikiomba asiwe yeye, nakuombea wewe ujane. Nilifika nikapokelewa na baba yake Letisia, Mzee Kasimiri, mtu wa taratibu, akanisalimu kwa Kibena, "Kamwene," akanikaribisha jikoni penye moto. Pale, kwenye kigoda, kulikuwa na mtu anamenya viazi kwa kuvipapasa. Akageuza uso upande wangu akauliza ni nani.

Dada Zamda, mumeo yuko hai.

Pumzika hapo kama unahitaji. Mimi pale nilikaa chini kwenye vumbi, nikamwita jina lake. Nilitaka kumkumbatia, na wakati huohuo nilitaka kumpiga. Yeye alipoitambua sauti yangu alilia, akaanza kueleza yote kwa pamoja, na mimi nakupangia kadiri nilivyoelewa.

Macho ya shemeji yameharibika, dada, tangu mwaka jana. Alisema taa za magari zilianza kumpasukia kama mtu anayetazama kupitia maji, baadaye hata mchana akawa haoni kingo za barabara. Hakukwambia, hakumwambia tajiri wake, maana alijua siku ile ile ataambiwa aache funguo mezani. Aliyejua ni Mudy peke yake. Wakawa wanatoka hapa Abasi kashika usukani, wakishapita nyumba za mwisho wanabadilishana. Mudy anajua kuendesha lakini leseni ya lori hana. Ndiyo maana alimdanganya hata mama yake kuhusu safari zake.

Siku ile walipakia mbao Njombe. Abasi akashuka kwenda kwa daktari wa macho, wakakubaliana Mudy atangulie polepole na mzigo. Simu ya shemeji ilibaki garini inachajiwa. Daktari akamwambia asubiri, kuna mtaalamu atakuja, ndipo Mzee Kasimiri, aliyekutana naye pale kwenye benchi, akampa pa kulala. Na jioni hiyo, dada, Letisia alirudi kutoka mjini akawasimulia wazazi wake habari aliyoisoma mtandaoni: lori la mbao limeungua, dereva anaitwa Abasi amekufa. Habari yangu. Abasi alikuwa amekaa palepale mezani. Walikuwa hawajamuuliza jina, na walipomuuliza akataja jingine.

Nilimuuliza, "Kwa nini, shemeji? Zamda yuko eda. Watoto wako wanasomewa dua ya yatima." Alisema usiku wa kwanza aliogopa polisi. Usiku wa pili aliogopa macho ya Mama Mudy, ambayo yeye asingeweza hata kuyaona. Baadaye akafikiri kwamba mke akifiwa na dereva watu watamsaidia, lakini akirudishiwa kipofu aliyesababisha kifo cha mtu, nani atamtazama? Alisema, "Abdulaziz, ulishaniua vizuri. Niache hivyo." Aliniomba nisiandike kitu.

Nilimwacha bila kumwahidi kitu, nikarudi. Na nilipofungua duka, Mama Mudy alikuwa ameshafika. Kulikuwa na maoni mapya, mtu anasema kamwona Mudy Iringa kwenye gereji, amenenepa. Akauliza, "Leo nani kamwona?" Dada, nilimsomea. Nilijua aliko mwanawe, nilikuwa nimempokea kwa mikono yangu miwili kaburini, na bado nilimsomea kwamba yuko Iringa, amenenepa. Alicheka. Akasema Mudy siku zote hula vizuri akiwa mbali. Akaniachia vitumbua vya Nasma.

Sikuvila. Nilifunga duka mchana nikarudi Njombe, nikamwambia shemeji kwamba mimi siwezi tena. Nilitarajia atakataa. Alipapasa kuni akauchochea moto wa Mzee Kasimiri, halafu akasema hata yeye hawezi, ila alikuwa hajui aanzie wapi na alikuwa hana wa kumshika mkono. Sasa yuko hapa kwangu, chumba cha uani, na ninapoandika nasikia anakohoa. Huku kwetu Nasma peke yake ndiye anayejua, na sasa wewe.

Tumekubaliana hivi. Nasma anaondoka na gari la asubuhi kukuletea barua hii. Yeye akishapanda, mimi na Abasi tunakwenda Kitandililo kwa Mama Mudy, na atakayesema ni Abasi, ameniomba nisimtangulie. Tukitoka hapo tunakwenda polisi. Blogu itafuata mwisho kabisa, na nitaandika kwamba nilikosea jina, na jina sahihi nitaliandika kama mama yake atakavyotaka liandikwe. Sijui kama watamfunga shemeji. Sijui Mama Mudy atatufanyia nini, na sijui kama ninastahili anihurumie. Letisia anasema yule mtaalamu wa macho ameshafika na huenda jicho moja likapona, lakini sikutaka kukuandikia tumaini nisilolihakiki.

Shemeji hajaniomba nikuombee msamaha. Anauliza tu kama unataka aje, au akae mbali. Jibu mpe Nasma, au usimpe, utakavyoona.

Msalimie sana mama mkwe wako, na umweleze habari za mwanawe kwa namna unayoijua wewe, taratibu. Wasalimie shangazi na majirani wote wanaokusaidia. Kuhusu watoto, nilikuwa nimeshaandika hapa mstari wa kuwaambia, nikaukata. Maneno hayo ni yako. Utawaambia wewe, siku utakayotaka, na mimi safari hii nitasubiri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Abdulaziz