Maziwa Niliyomwaga

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwaga maziwa. Sijamwambia mtu, na sidhani nitamwambia. Mama alinipa kikombe kama kila asubuhi, akaingia chumbani kutafuta funguo zake. Nikayamwaga kwenye sinki na kufungulia maji hadi weupe ukaisha. Kisha nikavaa sweta nikaenda shule.

Kwetu maziwa hayamwagwi. Hata yakiganda, yuko wa kuyanywa. Bibi aliwahi kukaa kimya siku nzima kwa sababu ng'ombe alipiga teke ndoo. Kwa hiyo najua nilichofanya.

Sababu ni ya kijinga. Juzi Shangazi Verediana alifika kutoka Karagwe kwa ajili ya harusi ya dada yangu Solange. Alinikumbatia langoni akasema kwa sauti ya kanisani, "Umenenepa, mwanangu! Mungu ashukuriwe." Kwake hiyo ni sifa. Mtoto aliyenenepa ni mtoto aliyetunzwa. Lakini Ornella alikuwa amesimama pale pale. Ni jirani yetu, tunasoma darasa moja, na sote wawili tutabeba vikapu siku ya sherehe. Alicheka kwa pua.

Alhamisi, 8 Mei

Sasa naitwa Tanki. Kama matanki ya maji juu ya mapaa ya mtaa wetu, Kibagabaga.

Kwenye foleni ya chakula Ornella aliwaambia wenzake wanipishe. "Tanki likikauka, Kibagabaga nzima italala na kiu." Walicheka. Hata mimi nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikatoka kwenye foleni, nikaenda maktaba. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 10 Mei

Wasichana sita wa kubeba vikapu tumepimwa nguo za sherehe kwa Mama Kevine, fundi wa mtaani. Umushanana wa rangi ya chungwa, blauzi ndani, kitambaa kupita bega moja. Mama Kevine husoma vipimo kwa sauti huku akiviandika daftarini. Vyangu alivisoma kama vya wenzangu, bila kubadili sauti. Ornella akanong'ona, "Kitambaa kitatutosha kweli?"

Kitambaa kilitosha. Hata kikabaki.

Jumatano, 14 Mei

Maktaba ni tupu saa ya chakula. Nasikia hadi jikoni wakikwangua masufuria.

Nyumbani nasema nimekula shuleni. Shuleni hakuna wa kumwambia chochote.

Nimekuwa wa kwanza kwenye biolojia. Napenda vitu vinavyofuata kanuni. Nimejiwekea kanuni zangu, sitaziandika hapa. Nikizifuata, siku inaonekana safi. Nikizivunja, najichukia hadi asubuhi. Nilidhani zitanifanya nijisikie mwenye nguvu. Mara nyingi nasikia baridi tu.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya kanisa Solange aliniangalia akasema nimependeza. Akaniuliza siri yangu ni nini.

Hakuna aliyewahi kuniuliza siri yangu. Ningeweza kumwambia. Alikuwa ameshageukia simu, anajadili maua na mtu.

Jumamosi, 31 Mei

Nilikwenda umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi, badala ya Solange. Tulizibua mtaro chini ya barabara ya mawe. Sikulitumia jembe muda mrefu. Macho yakaingia giza, nikakaa ukingoni. Mzee mmoja akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema ndiyo.

Uongo unanitoka kama salamu siku hizi.

Baba alikuwa kazini Masoro, Mama alikuwa upande mwingine wa mtaro akiongea na majirani. Hakuona.

Jumatatu, 9 Juni

Nimesoma ukurasa mmoja mara nne. Hadithi ya mvulana na mbwa wake, ya watoto kabisa, niliichukua kwa sababu ni rahisi. Mwisho wa ukurasa sikujua mbwa ameenda wapi. Nilikuwa nawaza maharage. Nawaza chakula asubuhi, jioni, kwenye sala.

Hili limeniogopesha kuliko mtaro. Marafiki sina. Nilikuwa na vitabu.

Jumamosi, 14 Juni

Tumekwenda kujaribu nguo. Nilivaa wa mwisho, nyuma ya pazia. Blauzi ilining'inia. Mama Kevine alinigeuza, akashika kitambaa mgongoni, kikamjaa mkononi. Akafungua daftari. Akanipima tena. Safari hii hakusoma kwa sauti.

Nilimwomba aipunguze. Ni kazi ya dakika kumi, nimemwona akiifanya.

Akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Mimi sikosei kupima, mwanangu. Nguo hii siipunguzi. Mwambie mama yako aje mwenyewe, nitaongea naye."

Nikamwambia Mama ana kazi nyingi. Akasema atasubiri. Akaitundika blauzi yangu peke yake kwenye msumari, akaandika jina langu kwenye karatasi na kuibana kwa pini. Wenzangu watano waliondoka na nguo zao.

Namchukia Mama Kevine. Kwa nini asishone tu?

Jumapili, 15 Juni

Mama ameuliza nguo iko wapi. Nikasema haijaisha. Akasema atampigia fundi wiki hii. Akasahau saa hiyo hiyo, kwa sababu viti vya wageni vimekodiwa vichache.

Nilitaka asisahau. Sikujua kama nilitaka hivyo hadi nilipomwona akisahau.

Jumanne, 17 Juni

Leo Shangazi ndiye aliyenipa maziwa. Mama alikuwa uani. Shangazi haingii chumbani kutafuta funguo. Alikaa mbele yangu, anachambua mchele kwenye ungo, akisubiri kikombe.

Nilikishika hadi maziwa yakapoa, yakaweka utando. Nikamwambia nimekuwa nayamwaga.

"Unayamwaga? Maziwa?"

Alisimama. Nadhani alitaka kunipiga. Uso wake ulikuwa kama wa Bibi siku ile ya ndoo. Akaniuliza nayamwaga wapi, nikaonyesha sinki, akaliangalia kana kwamba bado yamo. Kisha akaniangalia mimi. Akanishika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana. Akaviangalia vidole vyake.

Akaita, "Mama Solange, njoo. Acha hivyo vitu, njoo."

Nilieleza yote nikiwa nimeangalia mchele. Foleni, Tanki, maktaba, blauzi kwenye msumari. Mama akauliza tangu lini. Nikasema tangu Shangazi afike. Sikutaka kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Shangazi akajifunika mdomo kwa pembe ya kanga.

Mama hakunigombeza. Alilia kidogo, akanawa uso, akampigia msimamizi wake kumwambia kwamba kesho hatakwenda kazini.

Jumatano, 18 Juni

Hospitali. Nilidhani daktari atasema nile tu, niache utoto. Hakusema. Aliuliza nalala vipi, nani ananitania, nakula na nani. Akasema wengi huanza hivi, kwa neno moja na mlo mmoja, na ni vizuri tumekuja mapema. Kuna mshauri nitakayeonana naye kila wiki.

Tukiwa njiani kurudi Mama aliingia kwa fundi peke yake. Walikaa muda mrefu. Nilisubiri nje kwenye ngazi.

Jumapili, 22 Juni

Jana sherehe ilipita. Nilibeba kikapu. Mama Kevine hakuikata blauzi, aliikunja tu kwa ndani kwa uzi mrefu unaofumuka kwa urahisi. Alisema hapa patafumuliwa siku zikifika.

Ornella alinipita akasema "Tanki" kwa sauti ndogo. Bado iliniuma. Nadhani itauma muda mrefu.

Shangazi alinikataza kusimama sana. Alikaa na mimi nyuma ya hema hadi wageni walipoanza kuondoka, akanieleza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa majina. Hakunisifu wala kunikosoa. Hakutaja mwili wangu kabisa.

Jumatatu, 23 Juni

Shangazi ameondoka na basi la asubuhi. Nyumba imekuwa kimya. Solange yuko kwake.

Mama aliweka kikombe mezani, akavuta kiti, akakaa na chai yake. Hakuniangalia. Alikuwa akisoma risiti za viti.

Nilikunywa nusu. Ilinichukua muda. Nusu iliyobaki sikuiweza. Nikaifunika kwa kisahani, nikaiweka kwenye friji, rafu ya juu, mahali Mama ataiona. Nikavaa sweta, nikaenda shule.