Picha ya Mama Yake Huguette

Elysée, uko? Nimekwisha. Niko nje ya duka la kusafisha picha, sijui nitarudi mtaani Cato Manor, kwa kina Huguette, na uso gani.

Ile kamera yangu mpya ya dijitali. Jumapili nilimpiga picha nayo mama yake Huguette kanisani. Kila picha anataka kuiona kwenye kioo. "Futa hiyo mwanangu, inanizeesha." Nafuta. "Na hii futa." Nafuta.

Nilifuta nikicheka! Miaka yote ya filamu kule Uvira, negativu inabaki ndani. Nilidhani nafuta ya kwenye kioo tu, mama afurahi, kisha nisafishe zote.

Leo asubuhi amefariki. Huguette ananiambia, "Sébastien, leta ile ya Jumapili tuiweke juu ya sanduku la maziko. Hatuna nyingine."

Hatuna nyingine, Elysée!

Dada wa duka ameingiza kadi ya kamera kwenye mashine, namwambia azitoe kwenye negativu, ananiuliza negativu gani. "Ukifuta imeenda, bhuti." Imeenda. Eish.

Huguette anapiga simu, sishiki.

Iko moja tu imebaki. Ile ya kwanza, ya kupima mwanga, mama hajafika bado. Kiti chake kitupu.