Boneti Iliyofungwa kwa Kamba ya Nyavu

Kitaji, Musoma

Mke mwenzangu Neema,

Huku hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwacha, na mbuzi amezaa mapacha. Eti unafufua gari la zamani, na boneti uliyoirudishia bawaba inakaa upande! Nimecheka mpaka babu yako kaja kuchungulia.

Miaka ile spea hakuna, boneti ya Landrova yetu tulikuwa tunaifungaga kwa kamba ya nyavu. Siku babu yako alipopata bawaba kuukuu kule Bunda, alizikaza kwa nguvu zote. Boneti ikagoma kufunga, na kesho yake tunampeleka bibi harusi Nyamuswa!

Nikamwambia, "Baba Magesa, legeza bolti. Tuishushe ijikalie yenyewe, ndio uiinue taratibu ukaze."

Akanuna, akalegeza. Mimi nikashika huku, yeye kule, tukaishusha, ikajipanga, tukaiinua taratibu, akakaza. Alipoifunga tena ikalia ka! Mzee alirukaruka uwanja mzima. Halafu, kwa mazoea, akachukua kamba akaifunga!

Legeza bolti, mjukuu wangu. Na siku ya kuishusha hiyo boneti, tupigie simu kwanza. Babu yako anataka aisikie ikilia.

Bibi yako