Mabati Yaliyokwenda Masoro

Kanombe, Kigali
Mwanzo wa kiangazi

Dada yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na mama awe ameamka vizuri, na ile dawa ya macho iwe imemsaidia japo kidogo. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Hadija alishikwa na homa lakini imemwachia. Wasichana wanakua, na nguo zao zimekuwa fupi, aibu tupu kwa watoto wa fundi cherehani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesema mchumba wako wa Tabora hawezi kungoja tena, na kwamba umechoka kuambiwa chumba cha mama kinajengwa, kama vile najenga msikiti. Una haki, dada. Tangu ulipofiwa na mumeo wewe ndiye uliyebaki na mama, mimi nikawa mtu wa kutuma salamu. Leo nakueleza yote, hata yale niliyokuficha.

Nyumba yetu ina vyumba viwili tu, nami nilitaka kuongeza viwili kwa nyuma: kimoja cha mama, kimoja cha wasichana. Huku kwenye vilima, ukuta hauanzi mpaka umekata mlima. Tulichimba mimi na Hadija kila alfajiri kabla sijaenda kibandani kushona, na tulipodhani tumemaliza tukakuta mwamba. Saruji nayo inatoka mbali. Mfuko mmoja unakula kazi yangu ya siku nne, na hapo ni kama wateja wangu, wake wa askari wa kambini, wamelipia nguo zao kwa wakati. Basi saruji tukaiweka kwenye msingi tu, kuta tukajenga kwa matofali mabichi.

Mwashi wangu ni kijana wa makamo anaitwa Gasana, mtu wa Masoro. Ni mpole, na ukuta wake haupindi. Kila jioni alirudi kwao kwa miguu kwa sababu anaishi na mama yake mzee, wawili tu.

Sasa hili ndilo nililokuficha. Siku ya kuezeka chumba cha mama, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Gasana akaniambia, "Muzee, ngoja kwanza. Mbao iko na maji." Barua yako nyingine ilikuwa mfukoni mwangu, ile ya kabla ya hii. Nikamjibu kwamba mama yangu amengoja vya kutosha, apande. Akapanda. Hakupiga hata misumari mitatu, akateleza, akaanguka juu ya mawe, mguu ukavunjika mahali pawili.

Walipomtoa hospitali hakuweza kupanda vilima hadi Masoro, na huko hakuna wa kumwinua. Majirani wakanisaidia kumalizia paa, tukamlaza humo humo, chumbani mwa mama. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia kwamba chumba bado kidogo. Chumba kilikuwa tayari, ila kilikuwa na mtu.

Mama yake alikuwa akija kila baada ya siku mbili tatu, kwa miguu, na viazi vitamu kichwani. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichosha kuliko kitu chochote. Siku moja akamuuliza Hadija chumba kilikuwa cha nani. Hadija akamwambia ni cha mama yangu, na kwamba haoni vizuri. Yule mukecuru, yaani bibi kizee, akanigeukia na kusema kwa Kinyarwanda, taratibu, ili nielewe:

"Mwanangu alikuwa aje kuezeka kwangu akimaliza hapa. Nyasi zimeoza, mvua ikinyesha nalala nimekaa. Sikuja kukudai. Nakuuliza tu wewe mwenye mama: niende wapi?"

Nilikwenda kibandani, dada, nikashona mkono wa blauzi nje ndani, nikaufumua, nikaushona vile vile tena. Niliporudi, nikamweleza Hadija nililokuwa nalifikiria, nikitegemea atanikatalia, maana yeye ndiye aliyebeba udongo wa chumba cha wasichana. Akasema, "Wasichana wetu watalala na bibi yao. Yule hana mjukuu wa kulala naye."

Basi mabati ya chumba cha pili tukayabeba hadi Masoro, mimi na majirani wawili. Gasana naye akataka aende, wakambeba kwenye machela ya fito. Alikaa chini uani akinielekeza, mimi ambaye sijawahi kushika nyundo zaidi ya kugonga kigoda. Kukawa na manyunyu. Akaniambia nishuke, mbao zikauke. Nilishuka. Tukakaa bega kwa bega tukingoja.

Sasa anaishi kwao. Anatembea kwa fimbo, lakini juu ya ukuta hatapanda tena. Anakuja kibandani kwangu kujifunza kupinda nguo na kushona vifungo, na tunachopata tunagawana. Mikono yake ni mizito kwa sindano. Nimechoka, dada, siwezi kukuficha.

Chumba cha mama kipo. Sakafu ni ya udongo wa kushindilia na dari hakina. Chumba cha pili ni kuta zisizo na paa, na mvua imekwisha kula kona moja. Sijui kama kitafika masika mengine. Mama atalala na wajukuu wawili, na yule mdogo anapiga mateke usingizini. Mwambie mapema asije akashtuka.

Mpandishe meli ya Bujumbura, nitampokea bandarini mwenyewe na kumleta huku. Wewe nenda Tabora kwa mchumba wako, na usiende na moyo wa kujilaumu. Umemtunza mama miaka yote ambayo nilipaswa kuwa nawe.

Nisalimie mjomba Sudi, na pumu yake, na shangazi Mwamvua anayetuuzia mawese, nisalimie na mwalimu wetu wa chuoni kama bado ananikumbuka. Gasana amesema niandike salamu zake kwa mama. Mama akikuuliza huyo ni nani, mwambie ndiye aliyejenga. Mengine nitamweleza mimi, akiwa amekaa ndani.

Ni mimi mdogo wako,
Ramadhani